Bosi Asiyeambiwa Kitu

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali nane katika miji minane zilifanyia majaribio karatasi moja. Saba zilikuwa Toronto, London, Seattle, Auckland, New Delhi, Amman na Manila. Ya nane ilikuwa St. Francis ya Ifakara, mkoani Morogoro. Karatasi hiyo ya Shirika la Afya Duniani ilikuwa na vipengele 19 vya kuhakikishwa kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla hajapasuliwa, na kabla hajatolewa chumba cha upasuaji. Huyu ndiye mgonjwa wetu? Ni mguu wa kulia au wa kushoto? Sindano zimehesabiwa zikatimia?

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 ya waliopasuliwa, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Mimi kazi yangu ni kufundisha uongozi, udaktari siujui, na kilichonivutia ni kipengele kimoja kinachofanana na mchezo wa watoto: kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Bingwa anajitaja, na muuguzi aliyeajiriwa juzi naye anajitaja. Aliyekwisha kufungua mdomo mara moja mbele ya wakubwa haoni taabu sana kuufungua tena anapoona jambo linakwenda mrama.

Marubani walijifunza hilo kwa gharama ya kutisha. Tarehe 27 Machi 1977, katika ukungu wa uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, rubani mkuu wa ndege ya KLM alianza kuruka bila kibali. Mhandisi wa ndege, aliyekuwa chini yake kwa cheo, akauliza kama ndege ya Pan Am imeshatoka kwenye njia ya kurukia. Rubani, mmoja wa wakufunzi wakubwa wa shirika lake, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakurudia swali. Ndege haikuwa imetoka, na watu 583 walikufa. Tangu miaka ya 1980 mashirika ya ndege yamekuwa yakiwafundisha marubani kusikiliza walio chini yao, na walio chini kusema hadi wasikike.

Ofisini hatufi, tunapata hasara tu. Kikao cha Jumatatu mkuu wa kitengo anaeleza mpango wake kwa kirefu, kisha anauliza, "Tuko sawa?" Wanaitikia, "Tuko sawa, mkuu." Mhasibu anajua fedha za mafuta zitakwisha kabla ya tarehe 20. Dereva anajua gari moja halifiki Tunduru. Kikao kinafungwa, watu wanakwenda kunywa chai, na huko kwenye chai ndiko kikao chenyewe kinakoanza.

Mkuu akishatangaza anachokipenda, waliobaki wanamtafutia sababu za kukiunga mkono. Kwa hiyo aseme mwisho. Na swali lake lisiwe limekuja na jibu lake. "Tukikwama mwezi huu, tutakwamia wapi?" ni swali ambalo "ndiyo, mkuu" haitoshi kulijibu. Aanze na mwenye cheo cha chini, kisha anyamaze. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi. Sekunde tano zikipita kimya, bosi anajijibia mwenyewe.

Lakini yote hayo ni bure ikiwa ataharibu pale habari mbaya ya kwanza inapofika. Siku hiyo ofisi nzima inamwangalia aliyeileta ione atafanywa nini. Akipewa barua ya kujieleza kabla ya saa sita mchana, habari ya pili haitakuja. Ingetosha kumwambia, "Umefanya vizuri kuniambia mapema. Uligundua lini? Unahitaji nini leo?" Nani alikosea litaulizwa baadaye, faraghani, na wizi utabaki kuwa wizi. Anayestahili ukali ni aliyejua akaficha.

Mtafiti Amy Edmondson, alipochunguza makosa ya kutoa dawa hospitalini katika miaka ya 1990, alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume chake. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba timu hizo hazikuwa zikikosea zaidi. Zilikuwa zikisema zaidi. Meneja ambaye ripoti zake za mwezi hazina tatizo hata moja ana sababu ya kukosa usingizi.

Wala fomu peke yake haiponyi. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, zilizoanza kutumia orodha kama ile ya Ifakara. Vifo havikupungua kwa kiwango cha maana. Sababu zinabishaniwa hadi leo. Mimi niko upande wa wanaosema kwamba karatasi inaweza kujazwa vema na watu wasiozungumza.

Najua nitaambiwa kwamba kwetu mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu. Ni kweli, na sioni haja ya kuvunja adabu hiyo. Ila mkubwa akimtuma mdogo jambo, mdogo analifanya bila kuonekana mkosefu wa heshima. Basi kila kikao mtu mmoja atumwe kutafuta kasoro za mpango, atangazwe mbele ya wote, na apewe nafasi ya kusema kabla ya uamuzi. Kazi hiyo izungushwe. Ikimwangukia mtu yule yule kila wiki, kabla mwezi haujaisha ataitwa mkorofi, na wenzake watamwachia yeye peke yake kazi ya kuona makosa.