Vigogo wa Buluu: Nyota Changa Zinazoshika Rekodi Angani

Kwa nyota, umri hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Jua letu lina miaka bilioni 4.6 na liko karibu katikati ya safari yake. Nyota nzito mno haifiki huko hata kidogo: ikitimiza miaka milioni tatu hivi imekwisha. Kadiri nyota inavyozaliwa na gesi nyingi, ndivyo kiini chake kinavyobanwa na kuunguza haidrojeni kwa pupa. Ndiyo maana nyota nyingi zinazong'ang'ania mataji ya joto, mwanga na uzito ni changa. Hazina muda wa kuzeeka.

Rangi huzitambulisha. Mhunzi anajua kuwa chuma huanza kwa wekundu, na kikienda kweupe ndipo kimekolea moto. Nyota hupita hapo zikaingia kwenye buluu, na zile kali kabisa humwaga sehemu kubwa ya mwanga wake katika urujuanimno, tusiouona.

Taji la uzito hutajwa mara nyingi kuwa la R136a1, iliyo ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani iliyo umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi. Herufi R katika jina hilo ni ya Radcliffe, kituo cha darubini kilichokuwa Pretoria, Afrika Kusini. Huko Feast, Thackeray na Wesselink waliorodhesha nyota angavu za mawingu ya Magellan na kuchapisha orodha yao mwaka 1960. Namba 136 ilikuwa nukta moja yenye mwanga wa kutisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wapo waliodai kuwa kitovu cha nukta hiyo ni nyota moja yenye uzito wa Jua mara elfu mbili na zaidi. Kama ingekuwa kweli, vitabu vya fizikia ya nyota vingehitaji kuandikwa upya.

Haikuwa kweli. Mwaka 1985 Weigelt na Baier walitumia mbinu ya kupiga picha za haraka sana ili kuukwepa mtetemo wa hewa, na ile "nyota moja" ikagawanyika kuwa nyota kadhaa zilizobanana. Darubini ya Hubble baadaye ikaonyesha umati mzima. Mwaka 2010 Paul Crowther na wenzake wakaipima ile inayong'aa kuliko zote katika umati huo na kupata uzito wa Jua mara 265, wakikadiria kuwa ilizaliwa na 320. Mwaka 2022 kundi la Venu Kalari, kwa darubini ya Gemini Kusini nchini Chile, likatoa picha kali zaidi na uzito ukashuka tena, safari hii kati ya 170 na 230. Kila macho yanapokuwa makali, bingwa anakonda. Msomaji wa habari za rekodi akumbuke hilo kila anapoona tarakimu kubwa, maana mara nyingi tarakimu hiyo hupima ukungu wa darubini kuliko nyota yenyewe.

Hata baada ya kukondeshwa, R136a1 haina mzaha. Uso wake una joto la nyuzi 46,000 hivi, wakati wa Jua una 5,500. Joto likizidi mara mbili, mwanga unaotoka katika kila mita ya mraba huzidi mara kumi na sita, kwa hiyo kila mita ya mraba ya nyota hii huangaza karibu mara 4,000 kuliko ya Jua. Zidisha kwa eneo la uso wake, maana upana wake ni makumi ya Jua, nawe utapata mwanga wa mamilioni ya majua. Kwa sekunde zisizofika kumi hutoa nishati ambayo Jua huitoa kwa mwaka mzima. Mwanga huo una nguvu ya kusukuma, kiasi kwamba huipeperusha ngozi ya nyota yenyewe kwa upepo wa kilomita zipatazo 2,600 kwa sekunde. Nyota ya namna hii hujila kwa ndani na kujimwaga kwa nje.

Taji la joto, hata hivyo, halimo mikononi mwake. Linashikwa na nyota kama WR 102, yenye nyuzi zipatazo 200,000. Hiyo ilikwisha kupeperusha haidrojeni yake yote na heliamu karibu yote, ikabaki kiini kitupu kidogo kuliko Jua. Wengine watasema ni kizee, nami sibishani sana, ila uzee huo ni wa miaka milioni chache tu, na kwa Jua huo ni utoto.

Kwa macho matupu, tazama mkanda wa kundinyota la Jabari. Alnitak, iliyo upande wa mashariki wa mkanda, ndiyo inayong'aa kuliko zote za daraja la O, daraja la nyota moto kabisa, katika anga letu, na uso wake unakaribia nyuzi 30,000. Kilimia nacho ni kundi la nyota changa za buluu, zenye miaka milioni mia moja hivi, lakini mbele ya vigogo hawa nyota zake ni vuguvugu.

Kwa kuzunguka, bingwa ni VFTS 102, iliyo katika Wingu lile lile la Magellan. Ikweta yake inakwenda kilomita 600 kwa sekunde, ya Jua kilomita mbili. Ikizidisha kidogo, itaanza kuchanika. Huenda ilikuwa na mwenzi aliyeimwagia gesi, akaizungusha, kisha akalipuka. Karibu nasi zaidi, Akhari Nahari, ambayo ramani za kimataifa huiita Achernar, imebonyea kwa kuzunguka. Vipimo vya mwaka 2003 vilisema kiuno chake kinazidi urefu wa ncha hadi ncha kwa zaidi ya nusu. Vya baadaye vikapunguza hadi kama theluthi. Rekodi nyingine iliyokonda! Na kwa kuwa ncha ziko karibu na kiini, zina joto kuliko kiuno, hivyo ukiuliza nyota hii ina nyuzi ngapi, itakubidi useme unauliza sehemu gani.

Kwa kukaribiana, kuna VFTS 352, jozi ya nyota zenye nyuzi zaidi ya 40,000 kila moja, zilizokaribiana hadi zikagusana na kuchangia gesi. Huzungukana kwa siku moja na ushei. Zitaungana au zitaishia kuwa mashimo meusi mawili, bado inajadiliwa.

Taji la umbali ni la Earendel, iliyotangazwa mwaka 2022. Mwanga wake umesafiri miaka bilioni 12.9, na tuliuona tu kwa sababu mvutano wa kundi la galaksi lililo njiani uliukuza maelfu ya mara. Darubini ya James Webb ikaonyesha nyota yenye joto zaidi ya mara mbili ya Jua. Kisha mwaka 2025 watafiti wengine wakachambua mwanga ule ule na kuona kuwa unaweza pia kuwa wa kundi zima la nyota. Tuliyoyaona kwa R136 yanajirudia, ila safari hii hakuna darubini ya kuitenganisha nukta hiyo.