ALIYE JUU MNGOJE CHINI

Mwezi wa Oktoba hapa kwetu Makongolosi ni mwezi wa kutazama juu. Jua la kiangazi limekausha mbao, upepo umelegeza misumari, na kila mwenye nyumba anakumbuka mahali bati lilipovuja mwaka uliopita. Mvua zi karibu. Kwa hiyo watu hupanda: huyu kuziba tundu, yule kutengeneza paa la bani la tumbaku, mwingine kufuta vumbi kwenye paneli ya sola. Wanafanya vema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini sisi wauguzi tunaujua msimu huu kwa upande mwingine. Tunawapokea walioshuka bila kutumia ngazi.

Tunamkumbuka baba mmoja aliyepanda peke yake asubuhi ya Jumamosi, mama watoto akiwa sokoni. Ngazi aliisimamisha juu ya sakafu laini ya saruji, ikateleza. Kimo hakikufika hata mita 3. Majirani walikuja mbio kwa huruma, wakamwinua kwa mikono na miguu, wakamketisha kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Alipofika kwetu hakuwa akizisikia nyayo zake. Mkewe alituuliza: "Sista, mgongo ulivunjika pale chini au njiani?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Waliokuja kumtazama walisema ajali haina kinga. Msemo huo unafariji, ila kwa habari ya ngazi na paa si wa kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na zaidi ya 80 katika kila 100 wanatoka nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama yetu. Sehemu kubwa ya kinga ipo, nayo huanzia chini, kabla mguu haujakanyaga kipawa cha kwanza.

Nani apande?

Asipande mtu mwenye kizunguzungu, mwenye kifafa, aliyekunywa pombe hata kidogo, wala aliyetoka kitandani juzi kwa malaria. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu wakumbuke kwamba baadhi ya dawa hizo huleta kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla. Mzee aliyejenga nyumba hiyo kwa mikono yake miaka 30 iliyopita aheshimiwe, lakini akae chini na kuelekeza. Watoto wasitumwe juu ati kwa sababu ni wepesi.

Tena mtu asipande peke yake. Wahenga waliposema "aliye juu mngoje chini" walikuwa wanamwonya mwenye majivuno. Sisi tunauchukua msemo huo kama ulivyo: aliye juu, awepo mtu wa kumngoja chini. Kazi yake ni kushika ngazi, kumpa vifaa, kuwafukuza watoto wasipite chini ya paa, na kuita msaada ikibidi.

Ngazi

1. Ikague kwanza. Kipawa kilichooza au kilichoshikwa na msumari mmoja kibadilishwe. Meza juu ya meza, pipa, au kiti juu ya ndoo si ngazi.

2. Isimame juu ya ardhi ngumu iliyo sawa. Kwenye saruji laini, mshikaji aweke mguu wake kwenye kitako cha ngazi.

3. Ilale kiasi. Kama ngazi inagusa ukuta kwenye kimo cha futi 12, kitako chake kiwe futi 3 kutoka ukutani, yaani futi 1 kwa kila futi 4. Ikisimama wima mno hukuangusha kinyumenyume. Ikilala mno huteleza.

4. Kichwa cha ngazi kipite ukingo wa paa kwa mita 1 hivi, kifungwe kwa kamba, ili uwe na cha kushika unapovuka kuingia kwenye bati na unaporudi. Wengi huangukia hapo pa kuvukia.

5. Panda ukiitazama ngazi, na wakati wote viungo vitatu viwe vimeshika: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Nyundo na misumari vifuate kwa ndoo na kamba.

Juu ya bati

Vua kandambili. Vaa raba zenye soli inayoshika. Panda asubuhi, umande ukishakauka na kabla bati halijawa moto wa kuunguza. Upepo ukivuma au radi ikisikika mbali, shuka, kazi itangoja.

Kanyaga penye mstari wa misumari, kwa kuwa chini yake ndipo palipo na mbao. Katikati pana bati tupu, na bati lililokula kutu halimbebi mtu. Lililo bora ni kulaza ubao mrefu unaovuka mbao mbili au zaidi, ukatembea juu ya ubao huo. Paa la vigae vya zamani vya asbesto lisikanyagwe wala kutobolewa, maana huvunjika ghafla na vumbi lake hudhuru mapafu. Kama una umeme, angalia waya unapoingilia nyumbani. Usiuguse, wala usiukaribie na bati au ngazi ya chuma. Ukiona umechubuka, waite TANESCO kwanza.

Juu ya lori na tela

Mji wetu una malori mengi ya tumbaku na mizigo ya migodini, na vijana hupanda juu kufunga turubai au kuziba paa linalovuja. Sheria ni zile zile. Injini izimwe, breki ya mkono ivutwe, matairi yazuiwe kwa vigingi, na dereva ajue kwamba kuna mtu juu. Panda kwa ngazi, si kwa tairi. Bodi ya juu ni nyembamba, hivyo kanyaga penye mifupa yake au juu ya ubao. Ukimaliza usiruke chini, shuka kama ulivyopanda.

Akianguka

Hapa ndipo huruma yetu inapoweza kudhuru. Usimwinue wala kumketisha au kumvuta mkono asimame. Mwache alivyolala, mtu mmoja apige magoti na kushika kichwa chake kwa mikono miwili kisicheze. Mpigieni simu mganga wa zahanati au kituo cha afya. Damu inayotoka ibanwe kwa kitambaa safi. Mfupa uliochomoza usirudishwe ndani. Asipewe chakula wala maji, maana huenda akahitaji upasuaji.

Akitapika, au akizimia huku anapumua, mgeuzeni ubavu, kichwa na mwili kwa pamoja kama gogo. Ikilazimu kumsafirisha wenyewe, ng'oeni mlango au tafuteni ubao mpana. Watu wanne au zaidi wamwinue pamoja, na aliyeshika kichwa ndiye ahesabu moja, mbili, tatu. Alazwe kwenye gari ambamo anaweza kunyooka. Bodaboda si gari la aliyeumia mgongo. Kutoka kwetu hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni zaidi ya kilomita 100. Afadhali kungoja gari saa moja kuliko kuharibu uti wa mgongo kwa haraka.

Aliyeanguka akainuka na kucheka naye aangaliwe siku mbili. Aletwe hospitali mara moja akiumwa kichwa kinachozidi, akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akitokwa damu au majimaji masikioni au puani, tumbo likiuma na kuvimba, miguu ikifa ganzi, au akishindwa kukojoa.

Yule baba sasa yuko nyumbani. Mkewe alijifunza wodini kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulala, na mpaka leo hana hata kimoja. Paa lao lilimaliziwa na jirani mmoja mwezi uleule. Tulisikia kwamba alipanda akiwa amefungiwa ngazi kwa kamba, na chini walisimama watu wawili.