Mali bila Daftari: Kazi ya Mshauri wa Mali katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hufunzwa darasani kama onyo kwa mfanyabiashara mzembe. Hata hivyo, wapo watu ambao kulishika daftari hilo kwa niaba ya wenye mali ndiyo kazi yao, nao ni washauri wa usimamizi wa mali. Makala haya yanafafanua kazi hiyo, sura inayoipata katika Kaunti ya Kwale, na njia ya kuifikia nchini Kenya. Hoja kuu ni kwamba kazi hii ni ya lugha kama ilivyo ya hesabu. Kwa hivyo mwanafunzi wa Kiswahili asidhani kuwa haimhusu.

Maana ya Kazi

Mshauri wa mali si dalali. Dalali ana kitu cha kuuza. Mshauri huanza kwa kuuliza. Humuuliza mteja ana nini, anadaiwa nini, anawalea nani, anatarajia kustaafu lini, na ni hasara ya kiasi gani anayoweza kuistahimili. Majibu hayo ndiyo msingi wa mpango unaogusa akiba ya dharura, bima, vitega uchumi, malipo ya uzeeni na mirathi.

Yapo maoni kwamba huduma hii ni ya matajiri pekee. Maoni hayo hayana mashiko. Mhudumu wa hoteli ya Diani hupata kipato kizuri watalii wanapojaa, kisha masika yakaingia, vyumba vikabaki vitupu na mshahara ukapungua au ukakatika. Mwaka 2020, janga la korona lilipozifunga hoteli nyingi, ilibainika kwamba akiba ya miezi michache si anasa. Mtu wa kipato cha msimu anahitaji mpango kuliko mwenye mshahara wa kila mwezi.

Fidia na Mnazi

Kwale ina mfano mwingine ulio mzito zaidi. Katika maeneo ya Maumba na Nguluku, familia nyingi zilihamishwa ili kupisha uchimbaji wa madini ya titani. Mradi huo uliasisiwa na kampuni ya Tiomin ya Kanada, ukanunuliwa mwaka 2010 na Base Resources ya Australia, na shehena ya kwanza ikasafirishwa mwaka 2014. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024.

Fidia ya ardhi na miti ni suala la mshauri wa mali kabla ya kuwa suala la benki. Mnazi ukishaanza kuzaa huendelea kwa miongo kadhaa, na mwenyewe huangusha nazi zake mara kadhaa kwa mwaka. Ni rasilimali inayotoa gawio bila ya kuuzwa. Mti huo ukibadilishwa kwa fedha taslimu, mwenyewe hupokea mara moja kile alichozoea kukipokea kidogo kidogo maisha yake yote. Swali si namna ya kuzitumia fedha hizo, bali namna ya kuzifanya zizae tena kama mnazi. Mshauri anayelieleza jambo hili kwa mfano wa mnazi ataeleweka Msambweni. Anayelieleza kwa majedwali matupu ataitikiwa kwa adabu, kisha atasahauliwa.

Lugha ya Mshauri

Hapa ndipo taaluma ya Kiswahili inapoingia. Tuchukue neno riba. Katika vitabu vya uchumi ni istilahi ya kawaida. Kwa Mwislamu wa Pwani, neno hilo hilo, lenye asili ya Kiarabu, ni jina la jambo lililoharamishwa. Mwaka 2017 serikali iliuza hati ya dhamana kwa njia ya simu, kuanzia shilingi 3,000, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Iliitwa M-Akiba, jina lililo jema masikioni. Lakini mteja asiyetaka riba alistahili kuambiwa waziwazi faida hiyo inatoka wapi. Mshauri mwaminifu hafichi riba chini ya neno lingine. Humfahamisha mteja kuhusu njia mbadala, zikiwemo benki zinazofuata sharia ya Kiislamu, ambazo mbili za kwanza zilianza kazi nchini mwaka 2008, na mikataba ya ubia kama mudharaba na musharaka.

Neno dhamana nalo lina mitego yake. Mahakamani humtoa mshtakiwa rumande. Kwa mkopeshaji ni hatimiliki iliyowekwa rehani. Kwa mwekezaji ni deni la serikali. Tanzania imepunguza utata huo kwa kutumia hatifungani. Mteja anayedhani kwamba kununua dhamana ni kuweka shamba lake rehani hatanunua, na hatakuwa mjinga.

Mirathi pia hudai uangalifu. Kwa mila ya kale ya Wadigo, mpwa alimrithi mjomba. Sharia ya Kiislamu hugawa mafungu kwa watoto, wajane na wazazi. Na Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ina taratibu zake. Mahakama za Kadhi zinatambuliwa na Katiba ya 2010. Mshauri asiyeijua mizani hii anaweza kuandaa mpango mzuri utakaozua ugomvi siku ya matanga.

Njia ya Kuifikia Kazi

Mitihani ya kitaaluma ya wachanganuzi wa uwekezaji na fedha hutolewa na KASNEB, na mwenye shahada ya fani yoyote anaweza kujisajili. Taaluma yenyewe inasimamiwa kwa sheria ya mwaka 2015. Anayetaka kutoa ushauri wa uwekezaji kwa malipo sharti apate leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Fauka ya haya, mteja ana haki ya kumuuliza mshauri analipwa na nani, kwa kuwa anayelipwa kamisheni na muuzaji ana mabwana wawili.

Mitihani hiyo hufanywa kwa Kiingereza. Anayefuzu hurudi Kwale na maarifa ambayo hana budi kuyatafsiri mwenyewe, mbele ya mteja, fedha zikiwa mezani.

Hitimisho

Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike na huduma. Habari isiyoeleweka haijatolewa. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina nafasi ya kukusanya istilahi za fedha, kuzipima kwa wazungumzaji wa Ukunda, Msambweni na Lungalunga, na kuziandika. Mzee aliyepokea fidia ya minazi yake anapotia sahihi au dole gumba kwenye mkataba, awe ameuelewa kwa lugha yake mwenyewe.