Pita Katikati ya Dimbwi

Kanairo ikianza kunyesha Aprili, wasee kibao husukuma raba chini ya kitanda wakingoja Juni. Mi nadai hiyo ndio time poa ya kuishia msitu. Karura ikilowa, vumbi inatulia, miti inanukia, na mapafu yako inakushukuru. Lakini tope haibembelezi mtu, so lazima ujipange na ndula.

Rada ya kwanza: maji itaingia tu. Usichome doh ukijaribu kuizuia. Ukivuka mtaro maji inaingilia juu, hapo kwa kifundo, na ile kiatu ya Gore-Tex yenye ilikuwa inaizuia isiingie, sasa inaizuia isitoke. Unabaki ukikimbia na beseni kwa mguu. Kiatu ya neti inaingiza maji, lakini hatua kadhaa mbele imeshamwaga. Kwa hivyo ukiokota ndula jiulize mambo mbili: inashika? Inamwaga?

Kushika ni meno. Raba za lami soli yake ni flati, kwa udongo nyekundu zinakuangusha kona ya kwanza. Dai meno za milimita 4 hadi 6, na ziwe zimeachana, ju zikibanana tope inakwama katikati na soli inarudi kuwa flati. Mizizi na mbao zenye zimelowa hazijali meno zako. Hapo fupisha hatua, na mzizi ukiweza uruke, usiukanyage.

Kama mfuko imekauka, Gikomba iko. Ndula za msitu hutokea kwa mtumba, kazi ni kucheki fiti. Bonyeza ile povu ya katikati na kidole gumba. Ikikataa kubonyea, imezeeka. Kunja soli uone kama gundi inaachia. Alafu angalia meno za mbele na za kisigino kama zimeisha.

Soksi za pamba wachana nazo. Pamba ikinyonya maji haiachilii, ngozi inalainika, inasuguliwa, na malengelenge yanakumaliza. Tafuta za poliesta ama za sufu. Hata fulana ni hivyo hivyo.

Mkiishia Ngong Hills na mbogi, story inabadilika. Kilele iko mita 2,460, kama 700 juu ya tao, so digrii zinashuka kama 4 hivi, na upepo ya huko ndio imefanya wakajenga mitambo ya stima. Mwili yenye imelowa kwa upepo inapoteza joto mbio. Beba jaketi nyepesi yenye kofia, na mishono yake iwe imezibwa na tepu kwa ndani. Ukiskia radi, shuka kwa mgongo wa kilima hapo hapo, kilele itakungoja.

Ukifika keja, toa soli ya ndani, jaza magazeti kwa kiatu, anika kivulini. Usiweke kando ya jiko, ju joto inaua gundi na povu inakuwa ngumu.

Na sasa, kile kitu niko nayo kwa roho. Januari 1999 Wangari Maathai aliumizwa hapo Karura akijaribu kupanda mti, ju mabwenyenye walikuwa wameshapimiwa ardhi ya msitu. Hakurudi nyuma, na 2004 akapewa Nobel ya Amani. Hii msitu ya kama hektari 1,000 tunakimbia ndani ilipiganiwa na watu wa damu na nyama. Sasa cheki: kila msee akizunguka dimbwi ndio asilowe, anakanyaga miche za kando, njia inapanuka, na mvua ingine inabeba huo udongo hadi mtoni. Ndio maana nataka ununue kiatu yenye inamwaga maji. Ukiwa nayo huna sababu ya kuzunguka. Pita katikati, lowa, endelea. Waambie mabeshte pia, na Jumamosi ikinyesha, tokeni.