Biafra na kumbukumbu zake (3): Shada la maua lingewekwa Uli

Kila inapofika Januari 15, magazeti hutuletea picha zilezile kutoka Abuja: rais anaweka shada la maua, mizinga inapigwa, njiwa weupe wanarushwa. Zamani Wanigeria waliwakumbuka askari wao Novemba 11, kama walivyozoeshwa na Mwingereza. Tarehe ilihamishwa kwa kuwa Januari 15, 1970 Philip Effiong, kaimu kiongozi wa Biafra iliyokuwa imejitenga na Nigeria, alisimama Lagos mbele ya Gowon, mkuu wa Nigeria, na kuthibitisha kwamba Biafra imekwisha. Gowon akatamka kwamba hakuna mshindi wala mshindwa. Kauli nzuri, lakini dola iliyoifanya siku ya kusalimu amri kwa wenzao kuwa siku ya jeshi imeshasema mshindi ni nani.

Mimi ningeliweka shada hilo Uli. Anayefuatilia mfululizo huu anajua sichoki kupataja. Port Harcourt ilipotekwa Mei 1968, mlango wa Biafra ukawa Uli, kipande cha barabara karibu na Ihiala, kilichopanuliwa ndege ziweze kutua. Zilitoka kisiwa cha São Tomé, zikaingia usiku, taa zimezimwa. Uwanja uliwashiwa taa kwa muda mfupi tu wa kutua, kisha giza, maana huko juu ndege ya serikali ya shirikisho ya Nigeria ilizunguka na mabomu yake. Zilishusha maziwa ya unga, chumvi na samaki wakavu wa Norway. Nyingine zilishusha silaha, nalo lisifichwe. Kwenye chakula walikuwapo mapadre wa Ireland wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika lilelile lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Vita vilipokwisha, wengi wao walishtakiwa kwa kuingia nchini bila kibali, wakafukuzwa. Hayo ndiyo malipo ya aliyelisha watoto!

Makumbusho ya Taifa ya Vita, Umuahia, yalifunguliwa mwaka 1985 penye handaki ilimotangazia Redio Biafra. Yana meli, magari ya deraya na ogbunigwe, bomu walilobuni wahandisi wa Biafra. Chuma tele. Lakini vita vile viliua zaidi kwa njaa kuliko kwa risasi, na mtoto wa utapiamlo hapigiwi mizinga.

Nasi tusijitie pembeni. Aprili 13, 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Mwalimu Nyerere akishikilia kwamba umoja hujengwa kwa ridhaa. Tuliotambua dola yao tuna haki ya kuuliza habari za maiti wao.

Kuhusu Mei 30, siku ambayo wanaoitaka Biafra huagiza Kusini Mashariki nzima maduka yafungwe na watu wasitoke ili kuwakumbuka wafu wao, nafasi imeniishia. Itoshe kwamba serikali haikuwapa wafiwa siku yao, na sasa wengine wanaisimamia kwa vitisho.

Wiki ijayo: pauni 20 alizolipwa mwenye akaunti ya benki Biafra, hata kama aliweka maelfu.