KISIKI SI ADUI, KIDUHA SI UA

Kila mwaka, mvua za kwanza zinapoanguka, mkulima wa Mbozi, wa Ileje au wa bonde la Momba hushika jembe lake akaenda vitani. Vita hivyo twavijua sote, kwa maana tumezaliwa ndani yake. Lakini yafaa leo tujiulize swali moja: Je, tunayepigana naye ndiye adui wa kweli? Sisi twaona kwamba katika mashamba mengi ya Mkoa wa Songwe jibu ni hapana. Twampiga rafiki, na adui twamwacha achanue.

Rafiki tunayemsema ni kisiki. Sehemu kubwa ya nchi hii ni nchi ya miombo, na tabia ya miti ya miombo ni kwamba ukikata shina mizizi haifi. Mvua ikinyesha, kisiki hutoa machipukizi, na mizizi iliyotambaa chini nayo huchipua. Mkulima huyaona kuwa ni kero. Huyakata, yakarudi; huyachoma, yakarudi tena. Mwishowe hukusanya matawi juu ya kisiki, akatia moto mkubwa wa mwisho wa kiangazi, kisiki kikafa, naye akadhani ameshinda. Kumbe ameua mti wenye mizizi ya miaka mingi, ambao ungempa kuni, nguzo na kivuli pasipo yeye kupanda mbegu wala kuchota ndoo moja ya maji.

Hatusemi kwamba kisiki kiachwe katikati ya matuta ya mahindi. Penye mazao, machipukizi na yakatwe yangali machanga. Lakini mkulima mwenye ekari tano au kumi halimi zote kwa mwaka mmoja. Kuna mipakani, kuna miteremkoni, kuna kando ya vijito, na kuna shamba lililopumzishwa. Huko, kila kisiki achague machipukizi matatu au manne yaliyonyoka na yenye nguvu, mengine ayakate. Kisha ayapogoe matawi ya chini, na kuzuia ng'ombe na mbuzi wasiyale. Wenzetu wa Dodoma wanaifanya kazi hii, wakaiita Kisiki Hai, na mahali palipokuwa peupe pamerudi kuwa na miti. Ikiwa yawezekana katika ukame wa Dodoma, itashindikanaje kwetu tunaopata mvua tele?

Jambo moja tu tulihadhari, nalo ni moto. Ng'ambo ya mpaka wetu, huko Ndola nchini Zambia, wataalamu wa misitu walianza katika miaka ya 1930 kugawa msitu wa miombo vipande vipande. Kipande kimoja walikichoma kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, majani yangali na ubichi; kingine walikichoma mwishoni, kila kitu kikiwa kikavu; kingine hawakukichoma kabisa. Pale penye moto wa mwisho wa kiangazi miti ilikwisha, pakabaki majani matupu. Pale penye moto wa mapema miti ilibaki. Na pale pasipo moto msitu ulizidi kusongamana. Basi anayewasha moto mwezi wa Septemba au Oktoba ajue kwamba hachomi majani tu. Anachoma nguzo za nyumba ya mwanawe.

Sasa tumtazame adui. Jina lake ni kiduha. Ni mmea mdogo, haufiki hata gotini, una ua jekundu zuri la kumfurahisha mtoto. Huota katikati ya mahindi, mtama na mpunga wa nchi kavu, hasa penye udongo uliochoka. Mkulima huuona akapita, maana ni mdogo. Lakini uovu wake umekwisha kutendeka kabla haujaonekana. Mbegu ya kiduha ni kama vumbi. Hulala udongoni mpaka isikie mzizi wa mahindi umekaribia. Ndipo huamka, hujishika kwenye mzizi huo, ikanyonya maji na chakula kwa majuma kadhaa chini ya ardhi. Mahindi hudumaa na kunyauka hata mvua inaponyesha. Si ajabu kwamba Waingereza waliliita gugu la mchawi. Na si ajabu pia kwamba jirani husingiziwa dhambi iliyotendwa na mmea.

Mmea mmoja wa kiduha waweza kutoa mbegu elfu makumi, na mbegu hizo huweza kukaa udongoni zikiwa hai kwa miaka kumi na zaidi. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuung'oa kabla haujatoa mbegu. Ulio na maua utolewe shambani ukachomwe, wala usipewe ng'ombe, kwa sababu mbegu zaweza kutoka katika samadi zikiwa hai.

Dawa ya pili ni kubadili mazao. Karanga, kunde na soya huziamsha mbegu za kiduha lakini hazizipi chakula, nazo hufa kwa njaa. Marejea, ambayo wakulima wa Ruvuma wanayajua kuwa ni mbolea ya kijani, yamejaribiwa jirani hapa Kyela katika mashamba ya mpunga yenye kiduha, na mpunga ukaongezeka. Wakulima wa mtama nao wanazo mbegu za Hakika na Wahi, zilizotolewa nchini mwaka 2002 kwa sababu zinastahimili kiduha.

Lakini hatutaki kumdanganya msomaji. Kung'oa kiduha ni kazi ya kuinama, na kazi ya mwaka huu haijazi ghala la mwaka huu, kwa kuwa kilichoonekana juu kimekwisha kunyonya. Faida yake huja mwaka wa pili, wa tatu na wa nne. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Hapo pia ndipo aliyekodi shamba kwa msimu mmoja anaposema, "Nimng'olee nani?" Naye huvuna kidogo akaenda zake, akamwachia mwenye shamba mbegu za miaka kumi. Mwenye shamba asimlaumu peke yake. Mapatano ya kukodi na yataje kung'oa kiduha, na kodi ipunguzwe kwa anayetimiza.

Wengine hulikimbia shamba. Wakiona kiduha kimetawala huenda kufyeka msitu mpya, wakachoma visiki vyake, wakalima mahindi juu ya mahindi mpaka udongo ukachoka na kiduha kikawafuata, kimeshika kwenye jembe na kwato za maksai. Ndivyo mambo haya mawili yanavyounganika. Msitu unakufa kwa sababu shamba limeachwa kwa kiduha, na anayekimbia hivyo siku moja atakuta hakuna tena pa kukimbilia.

Je, adui huyu ashindika? Ndiyo. Mwaka 1956 kiduha hiki hiki chetu kiligunduliwa katika mashamba ya mahindi ya Carolina, nchini Marekani. Kikaenea katika ekari zaidi ya 400,000. Serikali yao iliweka karantini, ikakagua shamba kwa shamba, ikaingiza udongoni hewa ya ethilini ili mbegu ziamke pasipo chakula. Baada ya miaka zaidi ya hamsini zilibaki ekari elfu chache tu. Sisi hatuna fedha zile, lakini karanga hufanya kazi ya hewa ile. Kilichowasaidia zaidi ni kwamba hakuna aliyeachiwa kufuga kiduha upande wake wa mpaka, na hilo halihitaji dola.

Wakazi wa Tunduma nao wana zamu yao. Mji wao ni lango la malori, na magugu husafiri kwa magurudumu. Gugu karoti, lenye asili ya Amerika, lilionekana Arusha mwaka 2010, nalo hupenda kando za barabara. Huwasha ngozi na kudhuru kifua, hivyo anayeling'oa avae glavu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa namna hii apigwe jembe siku ile ile ya kwanza, na bwana shamba aarifiwe.

Twashauri basi kila Halmashauri ya Kijiji ipeleke mbele ya Mkutano Mkuu mambo mawili: siku za kung'oa kiduha kwa pamoja kabla hakijazaa, na marufuku ya moto wa mwisho wa kiangazi. Sheria ndogo za vijiji zipo kwa ajili ya mambo kama haya. Mtu mmoja aking'oa na jirani yake asing'oe, upepo na maji vitamrudishia yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu umepita katika mashamba yetu sote.