Kabla ya Kuchimba Msingi Nyeri

Mtu wa Mombasa anayenunua kiwanja Nyeri hupata jambo ambalo huenda babu yake hakulipata: ardhi na nyumba kwa jina moja. Kwetu pwani, desturi ya nyumba bila ardhi ni ya miaka mingi. Familia hujenga, huoza mabinti na kulea wajukuu katika nyumba iliyo yake, ilhali ardhi iliyo chini ya nyumba hiyo ni ya mwingine anayelipwa kodi. Ndiyo maana hatimiliki ya kwanza huleta furaha isiyo kifani, na ndani ya furaha hiyo huzaliwa kosa la kudhani kwamba aliyemiliki ardhi amekwisha kuruhusiwa kujenga juu yake.

Kosa hilo tulilifanya sisi. Mimi na mume wangu tumeishi Karatina miaka tisa, yeye akiuza nguo katika lile soko mashuhuri. Akiba yote ya miaka hiyo tuliitia katika kiwanja cha futi 50 kwa 100 nje kidogo ya mji wa Nyeri, kipande kilichokatwa kutoka shamba la kahawa lililogawiwa warithi. Ardhi ina mteremko, na mpaka wa chini ni kijito. Fundi alitushauri tuanze msingi kabla ya mvua za Machi, kibali kije nyuma. Mitaro ilichimbwa siku nne. Siku ya tano tulikuta alama ya rangi nyekundu juu ya rundo la mawe, na ilani ya kusimamisha kazi.

Haikuwa dhuluma. Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inakataza ujenzi wowote pasi na ruhusa ya serikali ya kaunti, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Mwenye kujenga kwanza huweza pia kuamriwa abomoe na kuirudisha ardhi ilivyokuwa, kwa gharama yake. Hayo yote tuliyasoma baada ya kuchimba.

Afisa aliyetupokea, kijana mpole wa maneno machache, hakuuliza kwanza habari za nyumba. Aliuliza matumizi ya ardhi. Hatimiliki yetu ilikuwa safi. Bodi ya udhibiti wa ardhi ilikuwa imeridhia mauzo, na upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi ulionyesha jina la mume wangu bila deni wala zuio. Lakini ardhi ilikuwa bado imeandikwa ya kilimo. Mashamba mengi ya kahawa na chai katika miji hii ya Mlima Kenya hukatwa vipande na kuuzwa kama viwanja vya makazi hali yakiwa mashamba katika makaratasi, na dalali halitaji jambo hilo. Ikatubidi kumtafuta mpangaji miji aliyesajiliwa, aandike maombi ya kubadilisha matumizi, kisha tangazo litolewe gazetini na kwenye kiwanja chenyewe ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Michoro nayo ilikataliwa. Tulikuwa tumeinunua kwa bei ya mboga, nakala ya nyumba iliyojengwa mahali tambarare. Kaunti hutaka michoro iliyotiwa saini na msanifu majengo aliyesajiliwa, na ya miundo itoke kwa mhandisi. Mhandisi wetu alicheka alipoiona. Sisi watu wa pwani tumezoea ardhi iliyolala juu ya jiwe la matumbawe. Nyeri ni matuta ya udongo mwekundu unaoteleza ukishiba maji, na ukivuka kwenda Naro Moru na Nanyuki utakutana na udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Msingi wa Kisauni hauhamishiki hivi hivi.

Lililotutia hofu zaidi, hata hivyo, lilikuwa kijito. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima au kujenga katika ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto, kwa kuzingatia kiwango cha juu kabisa ambacho mafuriko yamewahi kufikia. Futi 100 ni takriban mita 30. Yaani, kwa kipimo cha juu, kiwanja chetu kizima kingeliwa na ukanda huo, na akiba ya miaka tisa ingebaki kuwa nyasi.

Bango la tangazo liliposimikwa, jirani wa upande wa chini, bibi mkongwe tunayemwita shosho, alipanda kilima kwa mkongojo. Tulidhani amekuja kupinga. Alisalimu, akaketi juu ya mawe yetu, kisha akamwambia mume wangu, "Mwanangu, hapa maji yalifika." Alikuwa akielekeza mkongojo wake kwenye mvua za El Niño za mwaka 1997, kana kwamba zilinyesha juzi. Mahali alipoonyesha palikuwa juu ya mtaro wetu wa jikoni na shimo la choo. Wataalamu waliokuja kupima waliukubali mstari ule kuwa kiwango cha juu cha mafuriko, na theluthi ya chini ya kiwanja ikatoka katika hesabu. Nyumba ilipunguzwa chumba kimoja na kusogezwa juu, ukuta wa kuzuia udongo ukaongezwa, na shimo la maji machafu likahamishiwa mbele, mbali na kijito na na kisima cha shosho.

Katikati ya safari hiyo alitokea mtu asiye na ofisi, akaahidi kibali kwa siku tatu kwa bahasha. Mume wangu alikataa, na hukumu ya rushwa katika dini yetu haihitaji maelezo hapa. Nitasema tu kwamba kibali cha siku tatu kisingemleta shosho kilimani.

Maombi yanapopokewa huzungushwa kwa watu wa barabara, afya ya umma, maji na wengineo, kila mmoja akitoa maoni yake. Ada hukadiriwa kwa sheria ya fedha ya kaunti, kwa kuangalia zaidi ukubwa wa sakafu, nayo hulipwa katika akaunti ya kaunti, si mkononi mwa mtu. Sheria inasema mwombaji asiyejibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 achukuliwe kuwa amepewa ruhusa. Kwa rai yangu, asiegemee kifungu hicho peke yake. Aandike barua ya kuulizia na aitunze nakala. Aliyekataliwa ana haki ya kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ndani ya siku 14.

Baada ya kibali, mradi husajiliwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi na bango lake kutundikwa. Wapo wanaoliona hilo kuwa usumbufu. Jengo la ghorofa sita lililoanguka Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, na kuua watu zaidi ya 40, lilikuwa ukingoni mwa mto.

Kuhusu mafundi, ushauri wangu ni mwepesi. Katika Nyeri, kama Nanyuki na Meru, kuna mtaa uitwao Majengo, wenye Waislamu walioishi miji hii kwa vizazi. Baada ya swala, uliza pale nani hujenga kwa kufuata mchoro. Sisi tulipaswa kuuliza kabla.

Nyumba sasa imefika linta. Mkaguzi alikuja kabla ya zege la msingi kumwagwa, na atarudi mwisho ili tupate cheti cha ukaaji. Mitaro ile ya kwanza tumeifukia, na sehemu ya chini tumeiachia nyasi zake. Shosho hupitisha mbuzi wake humo jioni, akienda kuwanywesha maji.